Suruali Iliyoangusha Daraja

Nchi ninayoisimulia ilikuwa na jina, lakini jina hilo lilipelekwa kwenye kamati ili litafutiwe lingine lenye heshima zaidi, na kamati haijamaliza vikao. Kwa hiyo nitaiita nchi tu, na wenyeji wake watanielewa. Ilikuwa nchi ya watu wapole waliozoea kungoja. Jengo refu kuliko yote katika mji mkuu lilikuwa la Wizara ya Maadili na Mwenendo Mwema. Wizara ya Afya ilikuwa imepanga vyumba nyuma ya soko, juu ya duka la viatu.

Katika nchi hiyo, siku ya gulio, daraja la Mto Kisingiri lilianguka. Halikuangushwa na mafuriko, maana kilikuwa kiangazi na maji yalifika magotini. Halikuangushwa na uzee pia, maana lilikuwa limezinduliwa mwaka uliotangulia kwa ngoma, kwaya na sala. Lilianguka asubuhi jua likiwaka, wakati lori la kabichi likivuka pamoja na watu waliokuwa wakienda gulioni kwa miguu. Gazeti la serikali liliandika kwamba waliokufa ni wachache ukilinganisha na idadi ya wananchi wote.

Wahandisi wawili vijana walitumwa kuchunguza. Walirudi na vipande vya zege, wakaeleza kwamba zege hilo linameguka kwa vidole kama mkate mkavu. Serikali iliwashukuru sana, ikawapeleka masomoni ng'ambo wiki hiyo hiyo bila wao kuomba. Uchunguzi ukahamishiwa Wizara ya Maadili, ambayo haikuhitaji vipande vya kitu chochote.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Balthazari Nkwande, alifika mtoni. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzito na leso iliyolingana na tai yake. Alitembea taratibu kando ya miili iliyolazwa mchangani, akasimama mbele ya mmoja, akaangalia, akatikisa kichwa. Jioni hiyo tulimsikia redioni. Alisema chanzo kimejulikana. Miongoni mwa marehemu alikuwamo msichana aliyevaa suruali, naye ni Lidia, binti wa Priska, wa kijiji cha Ng'ambo.

"Daraja lilijengwa kwa viwango," alisema Waziri. "Lakini hakuna kiwango kinachoweza kubeba uzito wa uovu."

Sisi raia wema tulisikiliza. Baadhi yetu tulitazama miguu yetu.

Lidia alikuwa anarudi chuoni kusomea uuguzi. Dereva wa lori la kabichi alikuwa jirani yao, akakubali kumpa lifti, na kwa kuwa lori la kabichi halina ngazi na abiria hukaa juu ya mzigo, mama yake mwenyewe ndiye aliyemwambia avae suruali ili apande kwa heshima. Haya yalijulikana kijiji kizima. Lakini redio ilikuwa imekwisha kusema, na katika nchi yetu jambo likishasemwa redioni, waliokuwapo huanza kuwa na shaka kama walikuwapo.

Aliyewazika watu wa darajani ni Mchungaji Sostenes Kibaja wa Usharika wa Ng'ambo, ambako mimi huimba besi kwenye kwaya. Alikuwa amekaribia kustaafu, mrefu, amepinda kidogo mabegani kama mtu aliyebeba ndoo mbili tangu utoto. Alizika kuanzia asubuhi mpaka jua likaelekea kutua, kaburi baada ya kaburi, na kila kaburi alilisomea neno lake, hakurudia. Tulipofika kwa Lidia alikunywa maji, akaendelea. Mbele kabisa alisimama mzee wetu wa kanisa, Alfonsi Rugemba, mkandarasi aliyelijenga daraja lile na ambaye pia alituezekea kanisa. Alilia sana. Mimi naamini machozi yale yalikuwa ya kweli, na jambo hilo hunisumbua zaidi kuliko kama yangekuwa ya uongo.

Lazima niseme ukweli kuhusu Mchungaji Sostenes. Kwa miaka mingi alikuwa amehubiri juu ya maadili ya kizazi hiki, na tulimpenda kwa hilo. Alihubiri juu ya nywele za kubandika, muziki wa harusini, simu za vijana, na, ndiyo, suruali za wasichana. Hakuwa mtu mkali. Mkewe, Mama Editha, alitusimulia baadaye kwamba aliwahi kumuuliza mbona kila Jumapili ni nguo tu. Mumewe akamjibu kwamba dhambi za nguo ni nyepesi kuhubiri. Ukikemea suruali, suruali haikupigii simu. Ukikemea wizi wa saruji, unapigiwa kabla hujashuka mimbarini.

Baada ya tangazo la redio, mambo ya Priska yalibadilika bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Akina mama wa kanisa walikuwa na sala ya kila wiki ya kupokezana nyumba kwa nyumba, na zamu ilikuwa ya Priska. Mwenyekiti akasema ni vizuri dada apumzike. Wakasali nyumba iliyofuata, wakamwombea huko huko, kwa mbali. Kisha ikaja barua ya Wizara kwa makanisa yote, ikielekeza kwamba katika sala za kuwakumbuka marehemu wa daraja, jina la Lidia lisisomwe, ili lisije likawavutia vijana kwenye mavazi yasiyofaa. Jumapili hiyo Mchungaji alisoma majina. Alipofika mahali pa Lidia aliliruka jina, akasoma lililofuata. Priska alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Hakutoka, lakini hakusimama kuimba wimbo wa mwisho.

Wiki iliyofuata Waziri alikuja nyumbani kwa Mchungaji. Alikalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, akapewa chai, akasifu chai. Akaeleza kwamba Serikali imeamua kufanya Siku ya Toba ya Taifa pale pale mtoni, na kwamba Usharika wa Ng'ambo umepata bahati ya kuwa mwenyeji. Wananchi watapanga foleni kulingana na dhambi zao, kila foleni itakuwa na bango lake, na Mchungaji ataziombea moja baada ya nyingine. Redio itarusha moja kwa moja. Zamani, alisema Waziri, Kanisa lililalamika kwamba Serikali haijali dhambi. Sasa Serikali inajali kuliko Kanisa lenyewe.

Mchungaji aliuliza kama dhambi zimekwisha kuchaguliwa. Waziri akamwambia asihangaike, wataalamu wamekwisha kuzichagua, na walizingatia zile zenye kuleta umoja.

Waziri alipoondoka, Baba Askofu alipiga simu. Alizungumza kwa upole kuhusu ushirikiano wa Kanisa na dola, kuhusu ujana unaoangamia, na mwishoni, kama jambo lililomjia tu, kuhusu kustaafu kwa heshima. Mchungaji aliitikia ndiyo, Baba; sawa, Baba. Mama Editha anasema alipokata simu alibaki akiitazama. Alikuwa amechoka. Nadhani watu wengi wanaotenda mabaya katika nchi yetu si wabaya, ni wachovu tu.

Siku mbili kabla ya toba, Priska alimfuata nyumbani mchana. Alimkuta uani akipukuchua mahindi pamoja na mkewe. Hakukubali kiti. Aliketi kwenye gogo, akachukua hindi, naye akaanza kupukuchua, kwa sababu si rahisi kukaa mikono mitupu mbele ya watu wanaofanya kazi.

Kisha akasema, "Baba Mchungaji, nimekuja kuuliza foleni yangu."

Mchungaji akasema hakumwelewa.

"Wametangaza foleni," alisema Priska. "Ya suruali, ya nywele, ya muziki. Mimi sivai suruali. Nywele zangu ni hizi. Muziki wangu ni wa kwaya. Aliyevaa suruali amelala makaburini. Sasa mimi nisimame wapi?"

Mchungaji alianza kusema kwamba sote ni wenye dhambi mbele za Mungu, kwamba toba ni ya moyo, kwamba mwenye haki huanguka mara saba na kuinuka. Yalikuwa maneno mazuri, tena ya kweli, na aliyasema kama anavyoyasema mtu anayetafuta mlango gizani. Priska alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilimzaa mtoto mmoja," akasema. "Nakuuliza wewe kwa kuwa ulimbatiza. Ni yeye aliyeangusha daraja?"

Mama Editha anasema mumewe aliinama akaanza kuokota punje zilizomwagika chini, moja moja. Priska alingoja. Alipoona jibu haliji, alimaliza hindi lake, akalitua gunzi juu ya rundo, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Mchungaji hakula siku ile. Mkewe alipomuuliza anaumwa nini, alisema haumwi, ila ameulizwa swali ambalo hata mtoto wa Kipaimara angelijibu, naye akaokota mahindi.

Siku ya Toba ilipambwa vizuri kuliko siku ya uzinduzi. Maturubai yalifungwa ukingoni, meza kuu ikatandikwa kitambaa cheupe na maua ya plastiki, na nyuma yake vipande vya daraja viliinuka majini kama meno ya mzee. Meza kuu alikaa Waziri, kulia kwake Mchungaji, na kushoto kwake Mkandarasi Rugemba, mgeni wa heshima, kwa kuwa ndiye aliyechangia maturubai. Baba Askofu alituma salamu na udhuru. Sisi kwaya tuliimba wimbo ambao Wizara iliutazama kwanza na kuuondolea ubeti mmoja uliokuwa na neno "msingi."

Waziri alihutubia muda mrefu. Alisema taifa ni kama nguo, likichanika pindoni huishia kifuani. Alisema maendeleo bila maadili ni kama daraja bila, hapo akasita, akasema ni kama chai bila sukari. Alisema adui zetu huko nje wanatuletea suruali ili kudhoofisha miundombinu yetu. Tulipiga makofi, maana mgambo walikuwa wamesimama karibu na wasiopiga.

Ndipo foleni zikapangwa. Vijana wa suruali walisimama upande wa mto, wengi wao wakiwa wamevaa kanga za mama zao kwa siku hiyo. Wanawake wa nywele wakasimama kwenye kivuli. Wapiga muziki wa harusini wakasimama na vyombo vyao, ambavyo baada ya toba wangevihitaji kwa burudani ya mheshimiwa. Kulikuwa pia na foleni ya wanaosinzia ibadani, na hiyo ilipendwa zaidi, kwa sababu ilikuwa na benchi.

Priska alikuja amevaa nguo yake ya kanisani. Alizunguka foleni zote akiangalia mabango. Kisha akamfuata mgambo, akamuuliza foleni ya waliojenga daraja iko wapi. Mgambo akaenda kumuuliza mkubwa wake, mkubwa akaenda kumuuliza mshereheshaji, mshereheshaji akapekua karatasi zake, akarudi akasema foleni hiyo haikupangwa. Priska akashukuru. Akaenda kwenye uwanja mtupu mbele ya meza kuu, akasimama peke yake, uso ukiwaelekea wageni, mikono ameikunja mbele. Hakupiga kelele. Alisimama tu, kama mtu wa kwanza kwenye foleni ambayo wenzake wamechelewa.

Watu walianza kunong'ona. Rugemba alitazama kikombe chake. Waziri alimwinamia Mchungaji, akamwagiza kwa sauti ya chini amwondoe mama huyo kwa maombi, kwa kuwa redio iko hewani na mgambo wasingependeza.

Mchungaji Sostenes akainuka na kipaza sauti mkononi, akateremka. Alisimama mbele ya Priska, nami nikadhani atasoma Zaburi na kumshika mkono kumpeleka kivulini. Yule mama naye hakumsaidia. Alimtazama tu.

"Mama Lidia," alisema Mchungaji, na sauti ilitoka kwenye vipaza sauti vyote na kwenye redio za nchi nzima. "Uliniuliza swali nami sikujibu. Hapana. Siyo Lidia. Lidia binti Priska hakuangusha kitu. Lilijengwa vibaya, nami nikaliombea bila kuuliza, nikiwa ninawauliza watoto wa watu habari za nguo zao."

Kisha akapita, akaenda kusimama nyuma yake. Ikawa foleni ya watu wawili.

Ningependa kusema kwamba sote tulikimbilia pale. Hatukukimbia. Tulitazamana. Wa kwanza kuondoka mahali pake alikuwa mwenyekiti wa akina mama, yule aliyeruka zamu ya Priska. Alitoka kwenye foleni ya nywele akilia, akasimama nyuma ya Mchungaji. Akafuata Mama Editha. Wakafuata akina mama wengine, kisha dereva wa lori la kabichi akichechemea kwa magongo, kisha vibarua waliokoroga zege lile, kisha vijana wa suruali, na baadhi yao wakafungua zile kanga wakazitundika mabegani. Kwaya tukaenda. Hata foleni ya wanaosinzia iliamka. Mwishowe foleni zote zikawa moja, ndefu, imepinda mpaka mtoni. Ukimwacha Waziri, aliyebaki kwenye kiti alikuwa Rugemba. Aliinuka nusu, nilimwona kwa macho yangu, mkono umeshika meza. Kisha akakaa tena.

Nilidhani mgambo watatuvamia. Lakini Waziri Nkwande hakuwa mjinga, ndiyo maana alikuwa waziri. Aliitazama foleni ile, uso ukamng'aa, akaagiza wapiga picha waipige kutoka juu ya meza kuu. Kesho yake gazeti la serikali liliandika kwa herufi kubwa: WANANCHI WAKIRI KUANGUSHA DARAJA. Ndani ilielezwa kwamba umma wote, ukiongozwa na mchungaji wake, ulipanga foleni ya waliojenga daraja na kutubu kwa machozi, isipokuwa mkandarasi, ambaye kwa ushahidi huo alionekana hana hatia. Maneno ya Mchungaji hayakuandikwa. Kwa rehema zake, Serikali ilitusamehe, na ikampa Rugemba kazi ya kujenga daraja jipya.

Hayo ndiyo matunda ya toba yetu. Tulipoyasoma hatukukasirika sana. Tulikunja gazeti, tukafungia nyanya.

Lakini redio ilikuwa imerusha moja kwa moja, na lililosikika halikuweza kurudishwa. Wizara ilitangaza kwamba ilikuwa hitilafu ya mitambo, na watu wakaitikia kwamba ndiyo, ilikuwa hitilafu, huku kila mmoja akiikumbuka neno kwa neno. Wiki hiyo akina mama walisali nyumbani kwa Priska. Hapakuwa na nafasi ya kukaa, wengine walisimama nje dirishani. Jumapili, Mchungaji alisoma majina yote. Ilikuwa Jumapili yake ya mwisho kwetu. Barua ya Askofu ilikuwa imefika, ikimpongeza kwa utumishi na kumhamishia Usharika wa Mlimani, mahali ambapo, kama ilivyoelezwa kwa upendo, hakuna mto.

Daraja jipya lilikamilika haraka sana. Lina kibao kinachokataza suruali. Mchungaji aliyekuja baada ya Sostenes aliliombea kutoka upande wa nchi kavu. Watu wa Ng'ambo hulitazama, husifu rangi yake, kisha huteremka ukingoni, hukunja suruali zao na kuinua kanga zao, wakapita majini chini yake. Mpaka leo halijaanguka, na Wizara huhesabu hilo kuwa ushindi wa maadili.

Huko Mlimani, Mchungaji Sostenes aliendelea kualikwa kubariki majengo, kama ilivyo desturi. Alialikwa kubariki zahanati. Kabla ya kuomba aliomba ruhusa azunguke nyuma, akausukuma ukuta kwa bega, akauliza nondo zimewekwa ngapi na saruji imetoka wapi. Wageni waheshimiwa walisimama juani wakimngoja. Jibu halikupatikana, naye hakuomba. Alisema tu kwamba Mungu ana haki ya kujua anabariki nini. Habari zikaenea, mialiko ikapungua, na Mama Editha anasema mumewe sasa analala vizuri mchana.

Sasa Priska amejenga kibanda cha chai ukingoni mwa mto, kwa kuwa watu wanaovuka majini hufika wakitetemeka na huhitaji kitu cha moto. Alipokimaliza alimtumia salamu Mchungaji wake wa zamani. Mzee alikuja siku ya gulio, akateremka mlima kwa miguu, akavuka mto amekunja suruali. Tulikuwapo watu wachache.

Hakuketi kwanza. Alishika nguzo moja akaitikisa, akashika nyingine. Akachuchumaa, akachimba kidogo kwa kidole penye msingi. Priska alisimama mlangoni na sufuria, hakumharakisha.

"Nani alikukorogea zege?" Mchungaji aliuliza.

"Nilikoroga mwenyewe."

Akainuka polepole, akishika kiuno, akajipangusa mchanga mikononi. Akavua kofia. Alisali sala fupi. Alikuwa amechoka, na kibanda hakikuhitaji zaidi.